Waacheni Wanafunzi wa Bungulu Waihoji Uingereza

Kila linapotajwa wazo la kuwashindanisha wanafunzi wa vyuo vikuu vya Beni na Butembo, huku mashariki mwa Kongo, kwa insha juu ya historia na utamaduni wa Uingereza, majibu huja upesi na hufanana. Mwalimu wa chuo husema: sisi tulitawaliwa na Wabelgiji, ya Waingereza yanatuhusu nini? Mzazi anayelipa minervali (karo) kwa pesa za kakao husema: mtoto akishajua habari za Malkia Victoria, nani atampa kazi? Na kijana wa harakati, aliyechoka kusindikiza majeneza, husema kwa uchungu: watu wetu wanachinjwa, nanyi mnataka tuandike juu ya wafalme wa wengine?

Maoni haya yameenea kutoka komine ya Bungulu mjini Beni hadi kwenye kumbi za mihadhara za Butembo, hata anayeyapinga huonekana amepotea njia. Mimi nayapinga yote matatu. La mwalimu ni kosa la historia. La mzazi ni kosa la hesabu. La kijana lina haki ndani yake, na kwa hiyo linastahili jibu refu kuliko mengine. Lakini nalo likifuatwa hadi mwisho linamdhuru yule yule linayetaka kumtetea. Sehemu kubwa ya historia ya Uingereza ilitendeka nje ya Uingereza, na kipande chake kimoja kilitendeka hapa, juu ya ardhi yetu, mito yetu na miili ya wazee wetu. Kipande hicho kitaandikwa, tutake tusitake. Linalobaki mikononi mwetu ni kuamua kama tutakuwa miongoni mwa waandishi wake.

Shindano la namna hii si jambo geni duniani. Wanahistoria wa Marekani na Kanada wanaochunguza mambo ya Uingereza wana chama chao, North American Conference on British Studies, na chama hicho kimekuwa kikiwashindanisha wanafunzi wa shahada ya kwanza kwa insha juu ya historia na utamaduni wa Uingereza. Tukumbuke kwamba Marekani ilizaliwa kwa kuipiga vita Uingereza. Hata hivyo sijasikia mwanafunzi wa Boston akiambiwa kwamba akiandika juu ya bunge la London amewasaliti waliotangaza uhuru mwaka 1776. Waliopigana na dola fulani wana sababu zaidi ya wengine ya kuifahamu.

Karibu zaidi na sisi, ng'ambo ya mto Lubiriha, kijana wa shule wa Bwera anaweza kuingia shindano la insha la Royal Commonwealth Society, lililoanza mwaka 1883, kwa kuwa Uganda ni mwanachama wa Jumuiya ya Madola. Kijana wa Bungulu hawezi, kwa kuwa Kongo si mwanachama. Huenda bibi zao ni ndugu. Lugha wanayosemezana nyumbani, huku ikiitwa Kinande na kule Kikonzo, ni moja. Kinachompa mmoja nafasi na kumnyima mwenzake ni mpaka. Basi tuanzie hapo, kwenye mpaka, maana ndipo hoja ya mwalimu inapoanza kuanguka.

Mpaka huu haukuchorwa na Wabelgiji peke yao. Mwezi Mei 1910, mjini Brussels, wajumbe wa Uingereza, Ubelgiji na Ujerumani walikubaliana namna ya kugawana nchi ya Kivu na Mfumbiro. Tarehe 3 Februari 1915, mjini London, Uingereza na Ubelgiji zilitia saini mkataba uliofafanua mstari kutoka mlima Sabinyo kwenda kaskazini: ukavuka ziwa Edward, ukapanda vilele vya Ruwenzori, ukashuka na mto Semliki. Wanande wakabaki upande huu, Wakonzo upande ule. Hakuna mwami wa Kinande wala mkuu wa Kikonzo aliyeketi kwenye meza ile. Boga, ambako Apolo Kivebulaya alifika kutoka Uganda mwaka 1896 akihubiri dini ya Kianglikana, ilijikuta Kongo baada ya mipaka kuchorwa upya, na Kanisa la Anglikana la Kongo lina mizizi yake pale pale. Mkristo Mwanglikana wa Butembo anaposali Jumapili, anasali katika tawi la historia ya Uingereza lililoletwa na Mganda.

Mvuvi wa Kyavinyonge, kando ya ziwa Edward, naye anaijua historia hii, ijapokuwa hajaisoma. Anapokamatwa na wanajeshi wa majini wa Uganda kwa kuvuka mstari ambao hauonekani juu ya maji, anakamatwa kwa nguvu ya karatasi iliyotiwa saini London. Ziwa lenyewe lilipewa jina na Henry Morton Stanley mwaka 1889, jina la mwana wa Malkia Victoria. Miaka ya 1970 likaitwa ziwa Idi Amin. Jina likabadilika, mstari ukabaki. Miaka mingi baadaye kampuni ya mafuta ya London, SOCO International, ikapata kibali cha kutafuta mafuta katika eneo la ziwa hilo hilo, ndani ya Hifadhi ya Virunga, na mwezi Juni 2014 ikatangaza kuacha baada ya makubaliano na shirika la WWF. Kutoka 1889 hadi 2014, ziwa moja, na mara kwa mara uamuzi mkubwa juu yake ulipita London. Mwalimu anayeniambia kwamba hayo hayatuhusu anieleze yanamhusu nani.

Tutoke ziwani tuingie barabarani. Maduka ya Butembo hujazwa na bidhaa zinazoshushwa Mombasa, zikapita Nairobi, Kampala na Kasese, zikaingia Kasindi. Njia hiyo iliwekewa msingi na reli ambayo Waingereza walianza kuijenga Mombasa mwaka 1896. Ilifika Kisumu 1901, na mwaka 1956 ikafika Kasese kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Kama wafanyabiashara wetu wanaitazama bahari ya Hindi na kuipa mgongo bandari ya Matadi, sababu mojawapo ni reli ile. Na magari? Kongo huendesha upande wa kulia. Lakini barabara zetu zimejaa magari yenye usukani kulia, yaliyoingia kupitia nchi inayoendesha kushoto kwa sababu Waingereza waliiachia desturi hiyo. Dereva anayemwuliza abiria wake wa mbele kama njia ni nyeupe kabla ya kulipita lori amebeba mabishano ya madola mawili ndani ya gari moja, na wakati mwingine watu hufa kwa sababu yake.

Utamaduni wa Uingereza umo pia katika starehe zetu. Mwisho wa juma kumbi za kuonyesha mpira hujaa vijana wanaovaa rangi za Arsenal, Liverpool na Manchester United. Wanamjua Axel Tuanzebe, aliyezaliwa Bunia mwaka 1997, akakulia Uingereza, akaichezea Manchester United, na hatimaye akavaa jezi ya Leopards. Lakini ni wangapi wameambiwa kwamba Liverpool ilikuwa bandari kuu ya Waingereza ya biashara ya watumwa katika karne ya 18? Ni wangapi wanajua kwamba katika mji huo huo alikuwapo karani wa kampuni ya meli, Edmund Dene Morel, aliyegundua kuwa meli za kutoka Kongo zilifika Antwerp zimejaa mpira na pembe za ndovu, zikarudi Kongo na bunduki na risasi, na kutokana na hesabu hizo akatambua kwamba watu walikuwa wakifanyishwa kazi kwa kulazimishwa? Tumeipokea Uingereza kama watazamaji. Ninachodai ni kwamba tuipokee kama wachunguzi.

Hapo huinuka hoja nyingine, ambayo mwalimu hupenda kuikimbilia ya kwanza ikishindwa: kuwapa vijana zawadi kwa kuandika juu ya Uingereza ni kuwafundisha kumwabudu mkoloni. Hoja hii inachanganya kuchunguza na kusifu. Eric Williams alizaliwa Trinidad, koloni la Uingereza, akaenda Oxford, akamaliza tasnifu yake mwaka 1938, na mwaka 1944 akatoa kitabu chake *Capitalism and Slavery*. Alidai humo kwamba biashara ya watumwa na mashamba ya miwa yalichangia kuutajirisha ubepari wa Uingereza, na kwamba utumwa haukukomeshwa kwa huruma peke yake. Wanahistoria wa Uingereza wanabishana naye mpaka leo. Mtu huyo baadaye akawa waziri mkuu wa kwanza wa Trinidad na Tobago. Kama walimu wake wangemwambia kwamba historia ya Uingereza haimhusu, Waingereza wangeendelea kujisimulia habari ya wema wao bila kukatizwa.

Chinua Achebe alifanya vivyo hivyo kwa fasihi. Joseph Conrad alikuja Kongo mwaka 1890, akapanda mto wetu, na mwaka 1899 akachapisha hadithi ambayo dunia nzima iliifanya dirisha la kututazamia. Mwaka 1975, akiwa Marekani, Achebe alitoa mhadhara akimshutumu Conrad kwa kuwafanya Waafrika kuwa mandhari tu ya mateso ya Mzungu. Tangu hapo ni vigumu mwalimu makini kuifundisha hadithi ile bila kumtaja Achebe. Alifaulu kwa sababu alikuwa amekisoma kitabu cha Waingereza kwa uangalifu kuliko Waingereza wengi. Najiuliza kwa nini jibu lile lilitoka kwa Mnaijeria, wakati mto unaosimuliwa ni wa kwetu.

Aidha, anayeogopa kwamba vijana wataiabudu Uingereza anaidhania kuwa kitu kimoja. Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza, ndiye aliyeandika ripoti juu ya ukatili wa utawala wa mfalme Leopold wa Ubelgiji. Serikali yake ilimpa cheo cha heshima mwaka 1911. Tarehe 3 Agosti 1916 serikali hiyo hiyo ilimnyonga katika gereza la Pentonville kwa kutafuta msaada wa Wajerumani ili Ireland ipate uhuru. Morel, aliyeongoza kampeni juu ya Kongo, alifungwa Pentonville mwaka 1917 kwa msimamo wake dhidi ya vita. Miaka mitano baadaye alimshinda Winston Churchill katika uchaguzi wa Dundee. Mwanafunzi akiyasoma haya anajifunza kwamba hata ndani ya dola kubwa watu waligombana juu ya haki, wengine wakaulipia ugomvi huo kwa maisha yao. Sioni ibada hapo.

Na asome pia upande ambao Waingereza wenyewe huusahau. William Lever, mtengenezaji wa sabuni, aliwajengea wafanyakazi wake kijiji kizuri cha Port Sunlight karibu na Liverpool, na kijiji hicho husifiwa hadi leo. Mwaka 1911 alifanya mkataba na serikali ya Ubelgiji akapewa maeneo makubwa ya michikichi Kongo. Kituo chake kikuu huko Kwilu kikaitwa Leverville. Huko wakata ngazi, yaani mashada ya chikichi, walilazimishwa kupanda michikichi kwa ujira mdogo. Mwaka 1931 Wapende waliasi, na jeshi la kikoloni likaua mamia ya watu. Mwanafunzi wa Liverpool ana nusu ya habari hii, ile yenye bustani na nyumba za matofali. Nusu nyingine iko Kongo, na mtu wa kuiunganisha na ile ya kwanza anaweza kutoka Bungulu vizuri kuliko mahali pengine.

Sasa nimjibu kijana wa harakati. Ninajua anachosema. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya halaiki yameuandama mji wa Beni na vijiji vyake. Tangu Mei 2021 mkoa wetu uko chini ya utawala wa kijeshi, na mauaji hayakukoma. Anayeketi kuandika insha wakati jirani anakimbia na godoro kichwani anaweza kuhisi kwamba anatenda dhambi. Lakini namwomba kijana huyu aniazime sikio kwa mambo mawili.

La kwanza: moto unaotuunguza una historia, na historia hiyo inavuka mpaka ule ule. Mwaka 1891 kapteni Mwingereza, Frederick Lugard, alimrudisha Kasagama kwenye kiti cha ufalme wa Toro. Mwaka 1900 Uingereza ikafanya mkataba na Toro, na Wakonzo na Waamba wa mlimani wakajikuta chini ya ufalme ambao wengi wao hawakuutambua. Kati ya 1919 na 1921 Wakonzo waliasi. Viongozi wao Nyamutswa, Tibamwenda na Kapolya wakauawa. Miaka ya 1950 Isaya Mukirane na wenzake walianzisha chama cha kuchunguza historia ya maisha ya Wakonzo, na kutoka humo ikazuka harakati ya Rwenzururu iliyojitenga na Toro mwaka 1962. Mabaki ya malalamiko ya mlimani yaliingia katika kundi la NALU la Amon Bazira, na katikati ya miaka ya 1990 wapiganaji wa NALU wakaungana na watu wengine wa kutoka Uganda kuunda ADF, kundi linalolaumiwa kwa mauaji haya ya Beni, wakiwa upande wetu wa mlima.

Sisemi kwamba mauaji ya Beni yalipangwa London mwaka 1900. Insha yenye kusema hivyo ningeipa sifuri. Viongozi wa ADF walitoka sehemu nyingine za Uganda, wakiwa na imani na malengo ambayo Mukirane asingeyatambua, na mwezi Juni 2023 wapiganaji wa kundi hilo waliishambulia shule ya Mpondwe, katika nchi ya Wakonzo wenyewe, wakaua watu wapatao 40, wengi wao wanafunzi. Mnyororo huu una viungo imara na viungo vilivyokatika. Kazi ya mwanahistoria ni kukivuta kila kimoja aone kama kinashika. Je, kuwaweka watu wa mlima chini ya Toro kulichangia kiasi gani? Mpaka uliowafanya wapiganaji waweze kuruka kutoka nchi moja hadi nyingine ulichangia kiasi gani? Serikali za Kampala na Kinshasa baada ya uhuru zilichangia nini? Haya ndiyo maswali ambayo mji wetu unayajibu kila siku kwa uvumi, na uvumi umekwisha kuua watu wasio na hatia hapa kwetu. Kijana aliyefunzwa kupima ushahidi juu ya mwaka 1900 hatadanganywa kwa urahisi juu ya jana usiku.

La pili linahusu maiti zetu zenyewe. Mwaka 1903 Casement alipanda mto Kongo akawasikiliza watu: nani alikatwa mkono, kijiji gani kilichomwa, askari gani alifyatua, mbele ya nani. Aliandika majina. Ripoti ilipochapishwa Februari 1904, Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza ilikuwa imefuta majina ya watu na ya mahali, ikaweka herufi tupu. Casement alikasirika, maana alielewa kwamba shahidi asiye na jina ni rahisi kukanushwa. Soma ripoti ile, kisha utazame taarifa zinazotolewa baada ya kila shambulio katika nchi ya Beni: tarakimu za jeshi, tarakimu za vyama vya kiraia, tarakimu za Umoja wa Mataifa, zikipingana. Majina mara nyingi hayamo. Miaka mia moja na zaidi imepita, na Mkongo aliyeuawa bado anahesabiwa bila kutajwa.

Ndugu yangu wa harakati, hapa ndipo unapohitaji shindano hili kuliko mtu yeyote. Mwanafunzi aliyechambua jinsi Casement alivyokusanya ushuhuda, ulikosimama na ulikoyumba, jinsi wizara ilivyoukata, na jinsi wapinzani walivyoushambulia, amejifunza namna ya kuandika ushuhuda wa Beni ili usikanushike. Kenya imetuonyesha kazi hiyo inafika wapi. Wazee walioteswa wakati wa Mau Mau waliishtaki serikali ya Uingereza mahakamani London. Mwaka 2011 ikafichuka kwamba mafaili mengi ya makoloni yalikuwa yamefichwa Hanslope Park, huko Uingereza, na mwezi Juni 2013 serikali ikakubali kuwalipa walalamikaji 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwamo, na waziri wa mambo ya nje William Hague akatamka bungeni majuto ya serikali yake. Ujasiri ulikuwa wa wazee wa Kenya. Wanahistoria waliosimama nao kama mashahidi wa nyaraka walikuwa hasa David Anderson, Mwingereza, na Caroline Elkins, Mmarekani. Nawaheshimu kwa kazi hiyo. Lakini siku Wakongo watakapodai hesabu yao mbele ya dola yoyote, je, tutangoja tena wageni waje kutusomea mafaili yanayotuhusu?

Mzazi nitamjibu kwa lugha ya mfuko wake. Ni kweli kwamba insha haichemshi chungu cha leo. Lakini mzazi huyo huyo hulipa miaka mitatu au mitano ya masomo, na mwishoni mwanawe huleta kazi ya kumaliza masomo ambayo mara nyingi imenakiliwa kutoka kwa kazi ya mwaka uliopita, ambayo nayo ilinakiliwa. Hiyo ndiyo hasara. Wenye kazi katika mji huu, mashirika, benki, ofisi za forodha za Kasindi, wafanyabiashara wanaoandikiana na Kampala na Dubai, wanatafuta mtu anayeweza kusoma hati ndefu ya Kiingereza, akatoa kiini chake, akaandika kurasa kumi zinazosimama. Insha ya ushindani humlazimisha mwanafunzi kufanya hivyo mbele ya waamuzi wasiomjua wala kumwonea haya. Sijui mtihani wa chuo unaofanya zaidi.

Zinabaki hoja mbili ndogo, za lugha na za vitabu, ambazo hutajwa na wale ambao moyoni wamekwisha kukataa.

Kuhusu lugha, watu wapo. Beni kuna Chuo Kikuu cha Kikristo chenye lugha mbili, UCBC, kinachofundisha kwa Kifaransa na Kiingereza tangu 2007. Butembo kuna Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, kilichoanzishwa mwaka 1989 na askofu Emmanuel Kataliko. Vyuo vyetu vya ualimu vina idara za Kiingereza na utamaduni wa Kiafrika. Zaidi ya hayo, Kiswahili chenyewe ni ufunguo ambao wanafunzi wengi wa London hawana. Stanley alipokuja kumwokoa gavana Emin Pasha, akiuvuka msitu wa Ituri kuanzia 1887 na kupita bonde la Semliki 1889, mizigo yake ilibebwa na mamia ya watu walioajiriwa Zanzibar, na mpango wake ulimtegemea mfanyabiashara Tippu Tip. Tippu Tip aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, na Mjerumani Heinrich Brode akazichapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Humo Stanley anaonekana kwa jicho la mtu aliyefanya naye biashara na kugombana naye. Watafiti wengi wa Ulaya hulazimika kukisoma kitabu hicho kwa tafsiri. Kijana wa Bungulu angekifungua akakisoma mchana mmoja.

Kuhusu vitabu, nakubali kwamba umeme hukatika na mega za intaneti ni ghali. Dawa yake ni kuchapa. Ripoti ya Casement, mkataba wa 1915, kurasa za Stanley kuhusu Semliki, zote zina umri wa kutosha kuchapwa bila kumlipa mtu haki yake. Kijitabu kimoja cha hati hizo, nakala kwa kila idara, kinatosha kuanzia.

Basi nawapendekezea walimu wa Beni na Butembo shindano lenye masharti haya. Insha isizidi maneno 3,000. Iandikwe kwa Kiswahili, Kinande, Kifaransa au Kiingereza, na lugha isimpunguzie mtu alama. Kila insha itumie angalau hati moja ya wakati husika na ushuhuda mmoja wa mzee aliyehojiwa na mwandishi mwenyewe, kwa jina lake na kwa ridhaa yake, iwe ni mvuvi wa ziwani, mfanyabiashara wa njia ya Kasindi au Mwanglikana wa Boga. Majina ya washindani yafichwe kwa waamuzi. Waamuzi watoke pande zote mbili za mpaka, kwa kuwa mambo yenyewe yana pande mbili. Anayesifu bila ushahidi na anayelaani bila ushahidi wapate alama moja, ya chini. Zawadi iwe vitabu na kuchapishwa kwa insha, ili kazi ya mshindi isomwe na mshindani wa mwaka unaofuata na kupingwa naye.

Hakuna sharti hata moja hapo linalohitaji ruhusa ya London, Brussels au Kinshasa. Shindano linahitaji walimu watatu au wanne wenye nia, mashine ya kuchapa na tarehe ya mwisho ya kupokea insha. Waingereza wameandika juu ya misitu yetu, mito yetu na wafu wetu kwa zaidi ya miaka 130, na hawakumwomba mtu wa huku idhini. Mwanafunzi wa Bungulu naye hana haja ya kuwaomba idhini ili aandike juu yao. Anachohitaji ni kwamba walimu wake mwenyewe waache kumwambia kwamba hayamhusu.